Tarehe 7 Aprili Ikitazamwa kutoka Mombasa

Tarehe 7 Aprili si siku ya mapumziko nchini Kenya. Isipoangukia Jumapili, Pasaka au Idi, mji wa Mombasa huipokea kama siku yoyote ya masika: maduka ya leso ya Barabara ya Biashara hufunguliwa, feri za Likoni huvusha watu, na malori hupanga foleni kuelekea bandari ya Kilindini. Ukiwatazama majirani, hata hivyo, utakuta siku hiyo hiyo imebeba mzigo mzito. Unguja na Pemba, na Tanzania Bara pamoja nazo, hupumzika kwa Siku ya Karume. Msumbiji huadhimisha Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Rwanda huanza juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari. Nchi tatu za ukanda wetu, kila moja kwa sababu yake na bila kushauriana na nyingine, zimeitoa tarehe moja katika siku za kawaida, nasi tulio jirani nazo twaendelea na shughuli zetu.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa orodha zile zinazoeleza mambo yaliyotokea siku kama ya leo, na hii ya 7 Aprili ndiyo iliyonishughulisha kuliko zote. Orodha za kawaida zitakuambia kwamba siku hiyo mwaka 1939 Italia iliivamia Albania, na kwamba mwaka 1945 manowari kubwa ya Japani, Yamato, ilizamishwa na ndege za Marekani. Zitakuambia pia kwamba mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, na kwamba mwaka 1969 ulitolewa waraka wa kwanza wa mfululizo unaoeleza taratibu za mawasiliano yaliyokuja kuzaa intaneti. Yote hayo ni kweli, na sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba orodha ya siku huandikwa na mtu aliyesimama mahali fulani, na kwamba mtu aliyesimama Mombasa, akiisoma 7 Aprili kwa makini, ataipanga kwa namna nyingine kabisa na mengi ya hapo juu atayapitia kwa sentensi moja, kama nilivyofanya sasa hivi.

Sitaki mtu adhani kwamba naona siri katika matukio kuangukia siku moja. Mwaka una siku 365 na historia ina matukio yasiyohesabika, hivyo kila tarehe lazima ijae. Watu wapatao bilioni nane waliopo duniani wakigawanywa kwa siku za mwaka, kila tarehe hupata karibu milioni 22 waliozaliwa siku hiyo. Hata katika chumba chenye watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu, jambo ambalo mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kulithibitisha ubaoni. Kukutana kwa tarehe hakuhitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini kati ya mamia ya mambo tunayashika machache na kuyaacha mengine yapite.

Mombasa ina tukio lake, na ni la zamani kuliko yote niliyoyataja. Jumamosi tarehe 7 Aprili 1498 merikebu tatu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya kisiwa hiki bila kuingia bandarini. Zilikuwa zimetoka Msumbiji, na muda mfupi kabla ya kufika kwetu mojawapo, São Rafael, ilikuwa imekwama kwenye fungu la pwani karibu na Tanga hadi maji yalipojaa tena na kuinyanyua. Tunayajua haya kwa sababu mmoja wa wasafiri hao aliandika daftari la safari, na daftari hilo likadumu. Linaeleza kwamba usiku ule wa kwanza, panapo saa sita, kilikuja chombo chenye watu wapatao mia moja wenye silaha kuwatazama wageni, na kwamba siku ya pili, ambayo kwa Wakristo ilikuwa Jumapili ya Matawi, mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau, miwa na pete kuwa dhamana ya amani. Da Gama alijibu kwa kupeleka shada la marijani. Watu wawili wa merikebuni waliteremka mjini, wakatembezwa, wakapelekwa hadi nyumbani kwa wafanyabiashara waliodhaniwa kuwa Wakristo, ambao wanahistoria wengi wanawaona kuwa walikuwa Wahindi, kisha wakarudi na sampuli za karafuu, pilipili, tangawizi na mtama.

Yaliyofuata hayakuwa na amani. Jumanne tarehe 10 merikebu zilipong'oa nanga ili ziingie bandarini, ile ya mkuu haikugeuka vizuri ikaigonga iliyokuwa nyuma yake. Katika ghasia hiyo marubani waliochukuliwa Msumbiji walijitupa baharini na kuogelea kwa wenyeji. Usiku ule da Gama aliwahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini, nao wakasema palikuwa na njama ya kulipiza kisasi cha yaliyotendeka Msumbiji. Tarehe 13, Ijumaa, Wareno waliondoka. Siku ya pili walifika Malindi, ambako walipata urafiki na rubani wa kuwavusha bahari, na tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut, huko India.

Jambo linalonigusa katika masimulizi hayo ni kwamba siku zote zilizotajwa humo ni za mgeni. Mombasa ya mwaka 1498 haikuwa na Aprili. Watu wa mji huu walihesabu miezi kwa kuandama kwa mwezi, na mabaharia na wakulima walikuwa pia na mwaka wao wa jua wenye siku 365, ulioanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi ili kujua majira ya pepo na ya kupanda. Niliporudisha tarehe ile katika hesabu ya Hijria nilipata jambo ambalo sijalikuta katika orodha yoyote ya siku: inaangukia katikati ya Shaaban mwaka 903, siku moja mbele au nyuma kutegemea mwezi ulivyoonekana. Yaani merikebu zile zilifika pwani yetu mwezi ukiwa mpevu, Nisfu Shaaban, majuma mawili kabla ya Ramadhani. Aliyekuwa akitazama kutoka ufukweni usiku ule aliziona waziwazi katika mbalamwezi, na maji ya mlango wa bandari yalikuwa katika siku za bamvua, yakijaa na kupwa kwa nguvu kama yanavyofanya hadi leo kila mwezi unapokamilika. Nahodha asiyejua mlango huu, akijaribu kuingia siku tatu baadaye na chombo kizito kisichogeuka upesi, alikuwa na kazi ngumu hata kama hapakuwa na njama yoyote.

Isitoshe, hata hiyo 7 Aprili ya Wareno si hii yetu. Mwaka 1498 Ulaya ilikuwa ikitumia kalenda ya Julian, ambayo wakati huo ilikuwa nyuma kwa siku 9 ukiilinganisha na kalenda tunayoitumia leo. Papa Gregory wa 13 aliirekebisha mwaka 1582, ikaamriwa kwamba Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ifuatwe na Ijumaa ya tarehe 15, na Ureno ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokubali mara moja. Ukihesabu kwa kalenda ya sasa, Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 16 Aprili. Ngome ya Mombasa, iliyozinduliwa tarehe 11 Aprili 1593, ina tarehe ya kalenda mpya, kwa hiyo mambo mawili yanayotajwa sana katika historia ya mji huu, ambayo kwenye vitabu yanaonekana kupishana siku nne tu ndani ya mwezi mmoja, yameandikwa kwa vipimo viwili tofauti. Sioni kuwa hili linaifuta tarehe. Linatufundisha tu kuisoma tukikumbuka nani aliihesabu.

Huo ndio mtihani pia wa siku ya kuzaliwa ya Francis Xavier, mmisionari wa shirika la Wajesuiti, aliyezaliwa Navarra tarehe 7 Aprili 1506 kwa kalenda ile ya zamani. Tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35, aliondoka Lisbon kwenda India. Alikaa Msumbiji miezi kadhaa akingoja upepo, na mwaka 1542 merikebu yake ikapita Malindi. Katika barua aliyoiandika kutoka Goa anasimulia mazungumzo yake na mzee mmoja Mwislamu wa Malindi, aliyemlalamikia kwamba mji ulikuwa na misikiti 17 lakini watu walihudhuria mitatu tu. Nimelisoma simulizi hilo mara nyingi na kila mara namsikia mzee wa pwani, kwa kuwa lalamiko la kwamba vijana wameiacha misikiti halijabadilika hata kidogo.

Niruhusiwe sasa kuvuka bahari, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye mimi ningemweka juu kabisa katika orodha ya siku hii. Tarehe 7 Aprili 1803, katika gereza la Fort de Joux, kwenye milima ya Jura nchini Ufaransa, alifariki Toussaint Louverture. Alizaliwa mtumwa katika koloni la Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, akawa jemadari wa watumwa waliovunja minyororo yao kwa mikono yao wenyewe, akayashinda majeshi ya mataifa makubwa ya wakati wake, kisha akakamatwa kwa hila mwaka 1802 na kupelekwa kufa katika baridi ya milima ile. Hakuiona Haiti ikitangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Mshairi Mwingereza William Wordsworth, aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 1770, alikuwa amemwandikia shairi la kumfariji, nalo lilichapishwa katika gazeti la London Februari 1803, Toussaint akiwa bado hai kifungoni. Miezi miwili baadaye, siku ambayo Wordsworth alitimiza miaka 33, mfungwa huyo akafariki. Ni mara chache tarehe moja huwaunganisha watu wawili kwa namna ambayo tayari maandishi yalikuwa yamewaunganisha. Nami nikiwa katika mji ambao utumwa ulipoteza nguvu ya sheria mwaka 1907 tu, karne nzima baada ya Haiti, na ambao una mtaa uitwao Kengeleni kwa sababu ya kengele ya walioachiwa huru pale Frere Town, siwezi kumpita mtu huyo kwa haraka.

Kuhusu waliozaliwa siku hii nitasema kwanza jambo moja la nyumbani. Kwetu siku ya kuzaliwa haikuwa na sherehe. Mtoto alifanyiwa akika, alisherehekewa arubaini yake, na baada ya hapo hesabu ya umri ilibaki kwa wazee. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, hakujua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake hata mmoja kwa miezi ya Kizungu, ilhali alijua kwa hakika nani alizaliwa Mfungo Mosi baada ya Idi, nani alizaliwa Mfungo Sita wakati wa maulidi, na nani alizaliwa katika Rajabu kusi ikiwa imeanza. Tarehe zilizomo katika vitambulisho vya watu wa rika lake ziliandikwa na makarani, na nyingi zilikuwa za kukisia. Kwa hiyo ninaposoma kwamba watu mashuhuri kadhaa walizaliwa 7 Aprili, najua kwamba orodha hiyo ina watu waliozaliwa penye daftari, na kwamba mamilioni waliozaliwa siku hiyo hiyo pasipo daftari hawawezi kuingia.

Waliopo wana uzito wao. Gabriela Mistral, mwalimu wa shule na mshairi, alizaliwa Vicuña nchini Chile mwaka 1889, na mwaka 1945 akawa mtu wa kwanza wa Amerika ya Kilatini kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Billie Holiday, mwimbaji ambaye sauti yake ilibeba uchungu wa Wamarekani weusi, alizaliwa Philadelphia mwaka 1915. Ravi Shankar, bingwa wa sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, alizaliwa Varanasi mwaka 1920, na jina lake lilitamkwa kwa heshima katika nyumba nyingi za Wahindi wa Mombasa. Mwaka 1954 akazaliwa Hong Kong Jackie Chan, ambaye kwa watu wa umri wangu hahitaji kuelezwa: kabla ya kila nyumba kuwa na televisheni, watoto wa mtaani kwetu walilipa senti zao katika vibanda vya video na kumtazama akiruka kutoka ghorofani, wakatoka nje jioni na kujaribu mateke yale mchangani. Sijui kama yupo mtu mwingine wa siku hii aliyependwa na watoto wa Majengo na Kisauni kuliko yeye.

Narudi kwa majirani. Josina Machel, mpiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa ametoroka kwao kusini mwa Msumbiji akiwa kijana ili ajiunge na vita vya ukombozi, akapata mafunzo ya kijeshi, akasimamia huduma za watoto walioachwa yatima na vita, akawa sauti ya wanawake ndani ya chama kilichoongozwa na wanaume. Alipofariki uhuru wa nchi yake ulikuwa bado miaka minne mbele. Msumbiji iliifanya siku ya kifo chake kuwa siku ya wanawake wake wote, na mimi naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu haikumwinua mtu mmoja peke yake bali ilimfanya awe mlango wa kuwakumbuka wengine. Habari hii si ya mbali na Mombasa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi kwa miongo mingi bila uraia hadi walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Mwaka mmoja kamili baada ya Josina, jioni ya Ijumaa tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alipigwa risasi na kuuawa katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, akiwa amekaa na wenzake wakicheza bao. Alikuwa baharia katika ujana wake, akaja kushika uongozi wa visiwa baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na pamoja na Mwalimu Nyerere akaunda Muungano mwezi Aprili mwaka huo. Hapa Mombasa jina lake halitajwi kwa sauti moja. Zipo nyumba ambamo anakumbukwa kama mtu aliyewapa wanyonge ardhi na makazi, na zipo nyingine, hasa za waliokimbia Unguja kwa majahazi baada ya Mapinduzi na kuanza maisha upya hapa kwetu, ambamo jina hilo hufuatwa na orodha ya ndugu ambao hawakurudi. Nimekaa katika baraza za pande zote mbili. Ninaamini kwamba mtu anayetaka kuielewa 7 Aprili ya Zanzibar hana budi kuzisikiliza zote, na asimwambie yeyote kati yao kwamba kumbukumbu yake ni ya uongo.

Kifo cha Karume kilikuja karibu na Magharibi, na hapa inafaa kukumbuka kwamba kwa desturi ya pwani siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Hesabu hiyo inaigusa kwa namna ya pekee tarehe ya Rwanda. Ndege iliyowabeba marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, waliokuwa wakirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali usiku wa Jumatano tarehe 6 Aprili 1994. Vizuizi vya barabarani viliwekwa usiku ule ule, na kulipokucha Alhamisi tarehe 7 mauaji yalikuwa yameenea mjini, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akiwa miongoni mwa waliouawa asubuhi hiyo pamoja na wanajeshi kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Vitabu hulazimika kueleza kwa nini kumbukumbu ni tarehe 7 ilhali ndege ilianguka tarehe 6. Kwa mzee wa pwani swali hilo halipo, kwa maana usiku ule ulikuwa tayari usiku wa kuamkia Alhamisi, na usiku na mchana wake ni siku moja.

Katika siku takriban mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Desemba 2003 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga 7 Aprili kuwa siku ya kimataifa ya kuyatafakari mauaji hayo. Sisi wa Mombasa hatuna haki ya kuiona siku hii kuwa ya watu wa mbali. Mizigo ya Rwanda imepita bandari yetu miaka yote, na ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 1999 inaeleza shehena ya mapanga iliyopitia Mombasa Oktoba 1993 ikielekea Kigali. Wapagazi na makarani walioishughulikia hawakuwa na namna ya kujua, kwani panga ni chombo cha shamba na kila duka la vifaa lina mapanga. Walakini ilipita hapa, na ningependa wanafunzi wa mji wenye bandari walijue jambo hilo mapema kama wanavyojua mwaka wa kujengwa kwa Ngome.

Siku hiyo ina jambo moja zaidi. Tarehe 7 Aprili 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na tangu mwaka 1950 dunia huiadhimisha kuwa Siku ya Afya. Kazi kubwa kuliko zote za shirika hilo ilimalizikia katika pwani hii hii ya bahari yetu. Mgonjwa wa mwisho duniani wa ndui iliyoambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, katika mji wa Merca nchini Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuwahimiza wazazi wakubali chanjo ya polio, kazi aliyokuwa akiifanya hadi alipofariki mwaka 2013. Merca ni mji wa mawe wa Waislamu wa pwani, wenye misikiti na vichochoro kama vyetu, na jahazi lililotoka huko kwa kaskazi lilifika bandari yetu ya zamani bila shida.

Kisha ukaja mwaka 2020. Jumatatu tarehe 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba, ili kuzuia korona, hakuna atakayeingia wala kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale kuanzia Jumatano saa moja jioni. Jumanne tarehe 7, Siku ya Afya Duniani, ikawa siku nzima ya mwisho ambayo njia za kutoka mjini zilikuwa wazi, na tuliokuwa na wazazi mashambani tuliipitisha katika simu, kuuliza nani anakwenda, nani anabaki, na dawa za mzee zitafikaje. Juma hilo lilikuwa pia la Nisfu Shaaban ya mwaka 1441. Misikiti ilikuwa imefungwa, na Yasini tatu tulizisomea nyumbani.

Huko Wuhan, mji wa Uchina ambako ugonjwa ulianzia kujulikana, amri ya kufungiwa kwa siku 76 ilimalizika usiku wa manane wa kuingia tarehe 8 Aprili. Uchina iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo milango ya Wuhan ilipofunguliwa, Mombasa ilikuwa bado tarehe 7, saa moja jioni, jua limekwisha kuzama. Saa 24 baadaye, saa moja jioni ya tarehe 8, ikafungwa yetu, na haikufunguliwa hadi saa kumi alfajiri ya tarehe 7 Julai.